Tangi la Samaki la Mtumba: Mpangilio wa Kazi na Ukali wa Dawa

Katika biashara ya vitu vilivyotumika inayolizunguka soko la Kariakoo jijini Dar es Salaam na mitaa jirani ya Gerezani, Ilala na Mchikichini, tangi la kioo la kufugia samaki wa mapambo ni bidhaa ya pekee, kwa kuwa kiti, feni au kabati humfikia mnunuzi na vumbi lake tu, ilhali tangi huweza kumfikia likiwa bado na wakazi, hata kama samaki wake walikufa au kuhamishwa miezi kadhaa iliyopita. Hoja ya makala haya ni kwamba usalama wa chombo hicho, kwa samaki watakaowekwa na kwa mikono ya watakaowahudumia, hautokani sana na ukali wa dawa inayomwagwa ndani yake, bali hutokana na mpangilio wa kazi, yaani kipi kitangulie, kipi kifuate na kila hatua ipewe muda gani. Mazoea ya kuchanganya jiki, sabuni ya unga na siki katika ndoo moja, kwa imani kwamba dawa zikiwa nyingi vijidudu hufa zaidi, hayana faida yoyote, tena yanaweza kumdhuru msafishaji mwenyewe kabla ya kumdhuru kijidudu.

Kusafisha ni kuondoa uchafu unaoonekana na usioonekana kwa maji na kusugua, na kutakasa ni kuua vijidudu vilivyobaki juu ya kitu ambacho tayari ni safi. Kazi hizi mbili hazibadilishani nafasi, na sababu yake ni ya kikemia. Jiki ni maji yenye haipokloraiti ya sodiamu, kampaundi ya klorini ambayo hushambulia kila kitu chenye asili ya uhai inachokutana nacho, kiwe bakteria, ute wa samaki, mabaki ya chakula au mwani uliokauka kwenye pembe, na kila inaposhambulia hupungua nguvu. Ikimwagwa katika tangi chafu, hutumika kuunguza utando wa juu wa uchafu huo, huku bakteria waliojificha chini yake wakisalimika. Harufu kali inayobaki chumbani humfanya mwenye nyumba aamini kwamba kazi imekwisha, na kwa kweli hakuna ushahidi dhaifu kuliko harufu katika jambo hili.

Miongoni mwa viumbe wanaoweza kubaki katika tangi, anayestahili kuogopwa zaidi na binadamu ni bakteria aitwaye Mycobacterium marinum, wa jenasi moja na bakteria wa kifua kikuu, ambaye alitambuliwa mwaka 1926 na mtafiti Joseph Aronson katika samaki waliokufa kwenye akwariamu ya Philadelphia, Marekani. Bakteria huyu hupenda joto la nyuzi 30 hadi 32 za Selsiasi, jambo linaloeleza kwa nini, anapoingia mwilini kupitia mchubuko au mkato mdogo, hubaki katika ngozi ya vidole, kiganja na mkono, ambayo joto lake ni dogo kuliko la viungo vya ndani. Baada ya wiki kadhaa hutokea kivimbe au kidonda kisichotaka kupona, ambacho matibabu yake ya viuavijasumu huchukua miezi. Mtu mwenye kidonda cha namna hiyo hana budi kumwambia daktari kwamba amekuwa akishika tangi la samaki, kwa sababu daktari asiyeambiwa ana magonjwa mengi ya ngozi ya kuyafikiria kabla ya kulifikia hilo. Ukuta wa bakteria huyo una mafuta mazito yanayofanana na nta, na kwa ajili hiyo huvumilia klorini kuliko bakteria wengi; sifa hiyo ndiyo inayoamua hatua mojawapo itakayoelezwa baadaye.

Kwa samaki wenyewe, adui anayejulikana zaidi ni kimelea cha ugonjwa wa madoa meupe, Ichthyophthirius multifiliis, ambacho hujichimbia katika ngozi na matamvua, kisha hudondoka chini, hujigawa na kutoa watoto wengi wanaoogelea kutafuta samaki mwingine. Pamoja na sifa yake mbaya, kimelea hiki ni dhaifu nje ya maji, na katika maji yenye joto la Dar es Salaam watoto wake wasiopata samaki hufa ndani ya siku chache, kwa hiyo tangi lililokaa kavu kwa muda mrefu si la kuhofiwa sana kwa upande huu. Hatari ya konokono na mayai yao, ambayo hunatishwa kwenye kioo na mimea katika ute unaofanana na jeli, hutegemea mahali maji na mimea ya tangi ilikotolewa. Mfugaji aliyechota mimea katika bwawa au dimbwi la pembezoni mwa jiji anaweza kuwa aliwaleta konokono wanaohifadhi vimelea vya kichocho, na mimea ya asili hiyo haistahili kurudishwa katika tangi, hata ikiwa ingali ya kijani na ya kupendeza.

Kabla ya fedha kutolewa, mnunuzi mwangalifu humuuliza muuzaji maswali ambayo kwa kawaida hayaulizwi katika msongamano wa Kariakoo, ambako mazungumzo huanzia kwenye bei na kuishia humo humo: tangi lilikuwa na nini, samaki walikufa kwa ugonjwa au walihamishwa, liliwahi kuwekewa dawa gani, na limehifadhiwa wapi tangu lilipoachwa. Swali la dawa lina uzito kwa sababu baadhi ya dawa za samaki zina shaba, ambayo hunywewa na changarawe, kisha hurudi majini polepole na kuwaua kamba na konokono wa mapambo. Swali la hifadhi nalo si la kupuuzwa katika jiji ambalo Mto Msimbazi, unaotokea upande wa vilima vya Pugu na kupita Jangwani pembeni kabisa mwa Kariakoo, hufurika mara kwa mara, kama ulivyofanya kwa maafa makubwa Desemba 2011, kwa sababu tangi lililozama katika maji hayo huwa limeoga maji ya vyoo. Tangi lililotumika kuhifadhia rangi, mafuta ya mashine au dawa ya kuulia wadudu halinunuliwi kabisa, kwa kuwa jiki huua viumbe lakini haiondoi sumu iliyokwisha kuingia ndani ya silikoni, na hakuna punguzo la bei linaloweza kufidia jambo hilo.

Jaribio la kuvuja hufanywa kabla ya kutumia hata tone moja la dawa, kwa sababu kutakasa tangi bovu ni kupoteza nguvu na fedha. Tangi lenye urefu wa sentimita 100, upana wa 40 na kimo cha 50 huchukua lita 200, na kwa kuwa lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, chombo hicho kikijaa huwa na kilo 200 za maji peke yake, mbali na kioo na changarawe. Uzito huo hauwekwi juu ya meza ya kulia chakula, wala hauinuliwi na watu wawili wenye haraka ya kuupakia kwenye guta au kirikuu. Tangi huwekwa uani mahali palipo sawa, juu ya ubao uliotandikwa kitambaa kinene au povu jembamba, hujazwa polepole na kuachwa usiku na mchana, huku sehemu za maungio zikipanguswa kwa karatasi kavu ili unyevu uonekane mapema. Likivuja, fundi vioo anaweza kuikwangua silikoni yote ya zamani na kuweka mpya, kwa kuwa silikoni mpya haishiki vizuri juu ya ile iliyochakaa. Silikoni itakayotumika iwe ile isiyochanganywa na dawa ya kuzuia kuvu, ambayo huwekwa katika silikoni nyingi za bafuni na huweza kuwa sumu kwa samaki.

Mahali pa kufanyia kazi pana maana kubwa kuliko inavyodhaniwa. Nyumba za Kiswahili zilizosalia Kariakoo, zenye vyumba pande mbili za ukumbi na uwanja nyuma, zina faida ya uani penye hewa na mahali pa kumwagia maji, ilhali wakazi wa maghorofa yaliyochukua nafasi ya nyumba hizo hulazimika kutumia roshani au paa, na si bafu dogo lisilo na dirisha. Msafishaji huvaa glovu za mpira zinazofika karibu na kiwiko, na mwenye kidonda mkononi humwachia mwingine kazi hiyo. Maji yaliyosalia hutolewa kwa kopo, au kwa mpira uliojazwa maji kwanza na kuzibwa kwa kidole, kamwe si kwa kuunyonya kwa mdomo kama wanavyofanya wahamishaji wa mafuta na maji mitaani, kwa sababu maji ya samaki huweza kuwa na bakteria wa kuhara, wakiwemo wa kundi la salmonela.

Kusafisha kwenyewe huanza na vitu vya kutupwa, yaani sponji za chujio, mimea, na changarawe yenye asili isiyojulikana, ambavyo bei yake ni ndogo na mianya yake ni mingi mno kuweza kutakaswa kwa uhakika. Kioo husuguliwa kwa dodoki au brashi laini na maji ya uvuguvugu, na mwani uliogandamana hukwanguliwa kwa wembe ulioshikwa kwa kulala, mbali na silikoni ya pembeni. Tangi la plastiki angavu, ambalo hutambulika kwa wepesi wake na kwa mlio mzito linapogongwa, halitumiwi wembe wala stilwaya, kwa sababu hukwaruzika kirahisi na mikwaruzo huwa maskani mapya ya vijidudu. Sabuni ya aina yoyote huepukwa, kwa kuwa mabaki yake hujificha katika maungio na hata kiasi kidogo huweza kudhuru matamvua ya samaki. Yale magamba meupe yanayobaki pale maji yalipokuwa yakiishia ni chokaa, ambayo hubaki maji yenye madini mengi yanapokauka. Hayatoki kwa nguvu za mikono, lakini hulainika yakifunikwa kwa kitambaa kilicholowekwa siki au maji ya ndimu kwa nusu saa, na baadaye husuguliwa kwa chumvi ya mawe iliyosagwa kidogo, ikiwa tangi ni la kioo.

Hapa ndipo mpangilio unapohitaji uangalifu wa pekee, kwa sababu siki na ndimu ni asidi, na asidi ikikutana na jiki huzaa gesi ya klorini, gesi ileile iliyotumiwa na jeshi la Ujerumani karibu na Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915, katika vita vilevile vilivyoleta Dar es Salaam kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza na kuiachia Kariakoo jina lake. Kiasi kinachotoka katika ndoo ya nyumbani hakilingani na cha uwanja wa vita, lakini chumbani kinatosha kuunguza macho na mapafu, hasa ya mtoto au mgonjwa wa pumu. Baadhi ya dawa za kusafishia choo nazo zina asidi, na zile zenye amonia zikichanganywa na jiki huzaa gesi nyingine zenye madhara, kwa hiyo jiki huchanganywa na maji tu. Baada ya siki, tangi husuuzwa mara kadhaa kwa maji mengi, na ni busara kuiacha jiki hadi siku ya pili.

Jiki inayofaa ni ile isiyo na manukato wala sabuni. Nguvu yake huandikwa kwenye chupa, na kwa zile za matumizi ya nyumbani mara nyingi huwa kati ya asilimia 3 na 5, lakini nguvu hiyo hupungua kadiri chupa inavyokaa kwenye joto na mwanga, hivyo iliyopangwa juani kwa wiki nyingi mbele ya duka si sawa na iliyofika juzi. Kipimo cha kopo moja la jiki kwa makopo tisa ya maji hutosha kwa kioo kilichokwisha kusafishwa. Mchanganyiko hutengenezwa siku ileile ya kutumiwa, hupakwa kwa kitambaa au hunyunyizwa hadi kila upande ulowe, maungio na ukingo wa juu vikiwemo, na kioo huendelea kuwa na unyevu wake kwa dakika 10 hadi 15. Kosa la kawaida katika hatua hii ni haraka: kitambaa kikipitishwa mara moja na kioo kikakauka chini ya jua la saa sita, dawa huwa haijapata muda wa kufanya kazi, na kuongeza jiki hakufidii muda uliokosekana.

Iwapo samaki wa awali walikufa huku wamekonda, na vidonda au uti wa mgongo uliopinda, ambazo ni dalili zinazoweza kutokana na Mycobacterium, jiki peke yake haitegemewi. Kioo kilichosuuzwa na kukauka kabisa hupanguswa kwa spiriti ya asilimia 70 inayouzwa katika maduka ya dawa, na huachwa ikauke yenyewe, kisha hupanguswa tena. Spiriti ya asilimia 95, ambayo wengi huidhania kuwa bora kwa sababu ni kali zaidi, kwa kweli ni hafifu kwa kazi hii, kwani maji kiasi huhitajika ili pombe iharibu protini za bakteria, na ile isiyo na maji ya kutosha hupaa mapema mno. Mvuke wake hushika moto, kwa hiyo jiko la mkaa, sigara na swichi za umeme zenye cheche huwekwa mbali. Kwa tangi la plastiki spiriti haifai, maana huweza kulipasua nyufa ndogondogo, na tangi la namna hiyo lenye historia mbaya ni afadhali liachwe.

Kusuuza baada ya jiki hurudiwa hadi harufu iishe, na kwa uhakika zaidi maji ya mwisho hutiwa sodiamu thayosalfeti, chumvi inayovunja klorini, ambayo ndiyo kiini cha dawa nyingi za kutayarishia maji ya samaki. Kisha tangi hukaushwa kwa siku moja au mbili. Baadhi ya wafugaji hudai kwamba jua la Dar es Salaam linatosha na dawa ni gharama ya bure, dai lenye ukweli nusu, kwa kuwa ukavu huua vimelea vingi vya majini, lakini uhai wa pwani hii umezoea kusubiri mvua. Samaki wadogo wa jenasi Nothobranchius, akiwemo Nothobranchius guentheri wa Unguja aliyeelezwa kisayansi mwaka 1893, huishi katika madimbwi ya msimu na kuacha mayai ambayo hukaa katika tope kwa kiangazi kizima, na mvua inayofuata huyaangua. Mbu Aedes aegypti, mwenezaji wa homa ya dengue, iitwayo pia kidingapopo, iliyolisumbua jiji mwaka 2014 na tena 2019, hubandika mayai yake kwenye ukuta wa chombo juu kidogo ya maji, na mayai hayo huvumilia ukavu kwa miezi. Tangi lililosimama uani likapata mvua ni chombo anachokipenda mbu huyu, na mayai yake huondolewa kwa kusuguliwa, jambo linaloirudisha hoja kwenye dodoki kabla ya dawa. Tangi lisilotumiwa hufudikizwa au hufunikwa. Kazi ya pampu na taa za zamani huenda haraka zaidi: zenye waya uliochunika hutupwa, nyingine hufunguliwa na kusafishwa kipande kimoja kimoja, na hita haihitajiki sana katika jiji hili.

Tangi likisha kuwa salama, maji yake nayo yana mambo yake. Maji ya bomba ya DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, ambayo sehemu kubwa hutoka Mto Ruvu kupitia mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini, hutiwa klorini kwa ajili ya afya ya watu, na klorini hiyohiyo hudhuru samaki, kwa hiyo huachwa katika ndoo zilizo wazi kwa saa 24 au hutiwa thayosalfeti. Maji ya visima virefu hayana klorini, lakini mengi ya karibu na bahari yana chumvi isiyofaa kwa samaki wengi wa maji baridi, ingawa maji magumu yasiyo na chumvi nyingi huwafaa mbuna wa Ziwa Nyasa na jamaa zao wa Ziwa Tanganyika, ambao Tanzania huwaona wakithaminiwa nje ya nchi kuliko sebuleni mwake.

Kutakasa kuna gharama ambayo wauzaji hawaitaji, nayo ni kwamba dawa huua pia bakteria wenye manufaa, wale ambao huibadilisha amonia inayotoka katika kinyesi cha samaki kuwa naitraiti na hatimaye naitreti isiyo na sumu kubwa. Mwanasayansi Mrusi Sergei Winogradsky alieleza kazi ya bakteria hao karibu na mwaka 1890, na katika tangi jipya huhitaji takriban wiki 4 hadi 6 kuongezeka kwa kiwango cha kutosha. Amonia huwa na sumu kali zaidi katika maji ya joto na yenye ubesi, na joto Dar es Salaam inalo, na vifo vingi vya samaki ambavyo lawama yake hutupiwa tangi la mtumba hutokana kwa hakika na haraka ya kuwajaza samaki kumi katika maji ya siku tatu. Mfugaji huanza na samaki wawili au watatu wavumilivu, hulisha kidogo na hubadilisha sehemu ya maji kila wiki.

Maji ya jiki yaliyotumika humwagwa chooni yakiwa yamechanganywa na maji mengi, wala si kwenye mtaro wa mvua, ambao katika eneo la Kariakoo huelekea bonde la Msimbazi na hatimaye Bahari ya Hindi. Mimea na konokono wa tangi la zamani huanikwa hadi wakauke kabisa, hutiwa katika mfuko uliofungwa na kutupwa pamoja na taka nyingine, na samaki asiyetakiwa hupewa mfugaji mwingine badala ya kuachiwa mtoni, kwa kuwa nchi ambayo Ziwa Victoria lake lilipoteza aina nyingi za furu baada ya sangara kupandikizwa katika miaka ya 1950 haihitaji jaribio la pili la aina hiyo katika mto unaopita katikati ya jiji lake kubwa kuliko yote.